Mwalimu Veneranda Hakuwa Mvivu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Pelagia, dada yake marehemu, wa tumbo moja. Tangu Jumapili, alipozidiwa, sijapata usingizi, sauti yenyewe imekauka, mnivumilie. Wengi hapa mlikuwa mkimwita mdogo wangu mvivu. Sitaki neno hilo lishuke naye kaburini, kwa hiyo nimeomba nisome wasifu wake mimi.

Marehemu Veneranda alizaliwa Itetemia, Tabora, tarehe 14 Agosti 1938, mtoto wa pili wa Mzee Alois na Mama Apolinaria. Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru. Alianza kazi Isevya, akifundisha sayansi.

Huko wanafunzi walimbandika jina, Mwalimu Chura. Alikuwa akichukua paja la chura aliyechinjwa dakika ileile, lenye neva yake, anaigusa neva kwa waya za betri ya tochi. Paja linaruka. Anagusa tena na tena mpaka linatulia, na watoto wanapiga kelele, “Limechoka!” Basi anaigusa nyama yenyewe, paja linaruka vilevile, darasa zima mbio mlangoni. “Rudini hapa, waoga nyie! Nyama ina nguvu bado. Ujumbe wa neva ndio haufiki.” Alicheka sana siku hizo.

Mwaka 1965 alifunga ndoa na Bwana Wenceslaus, mfanyakazi wa reli, wakahamia upande wa Kigwa. Walijaliwa mtoto mmoja, Bertila.

Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa, walimu nao walipangiwa zamu kwenye shamba la tumbaku. Veneranda alikuwa wa kwanza kufika. Asubuhi alilima kama wenzake, lakini jua likipanda kope zinamwangukia, jembe linamtoka mkononi, anakaa chini. Akipumzika kidogo, anainuka tena. Mkasema anaigiza. Akaacha kupiga goti kuwaamkia wakwe, mkasema usomi umempanda kichwani. Jamani! Akipiga goti alikuwa hawezi kuinuka!

Kwenye mkutano wa kijiji, balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Raymundi, alisimama akasema, “Mwalimu huyu ni kupe, ananyonya jasho letu.” Marehemu akamjibu, “Ndugu Raymundi, nisogezee kwanza kiti nikae, halafu unitukane vizuri.” Watu walicheka. Nyumbani alilia mpaka akashindwa kumeza uji.

Mwaka jana tulimpeleka Dar es Salaam. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama ya paja lake, kikapimwa ng'ambo. Nimeshayaeleza haya mpaka nimechoka, leo nayasema mara ya mwisho. Neva na nyama hazigusani, wala neva na neva hazigusani. Katikati pana mwanya, na ujumbe huuvuka kwa kemikali iliyofungashwa kwenye vifuko vidogo sana. Kuvijaza vifuko hivyo kunataka nguvu, na nguvu hiyo hutoka kwa vitu viitwavyo mitokondria, vilivyojazana pale neva inapoishia. Vya Veneranda vilikuwa vigonjwa. Asubuhi ujumbe ulivuka, lakini kadiri alivyofanya kazi ndivyo ulivyopungua. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akasema, “Babu zangu walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kutoka Unyamwezi mpaka pwani. Mpagazi bila ugali hafiki, hata awe hodari namna gani.” Dawa haikuwepo. Tukapanda treni tukarudi.

Mwezi uliopita alishikwa na kichomi, na kifua chake hakikuwa na nguvu ya kukohoa. Alifariki hospitalini Tabora, Jumanne tarehe 9 Machi 1976, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa katika wangu.

Leo alfajiri Bwana Raymundi alikuja na jembe kuchimba kaburi. Alipomaliza alinifuata, udongo umemjaa miguuni, akaniuliza, “Dada, sasa nimwombe radhi nani?” Namjibu hapa, mbele yenu.

Marehemu ameacha mama, mume, mimi dada yake, na binti yake Bertila, mwenye miaka tisa. Tangu mavuno yaliyopita Bertila naye kope ya jicho moja inamwangukia jua likiwa kali, na akicheza sana anakaa chini. Mwombe radhi huyo, Bwana Raymundi. Ukimkuta amekaa, mletee kigoda.

Mungu ampe mdogo wangu pumziko alilonyimwa hapa.