Neno la Kigiriki na Sahani ya Vinkubala

Wamama wenzangu, na nyinyi wababa mlioketi karibu na mlango ili mpate kutoka mapema, amani iwe kwenu. Nimeombwa niseme yaliyonipata. Majina sitataja, ingawa wengine wanaohusika wamo humu ndani na nawaona wameanza kutazama chini.

Niliolewa hapa hapa Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli kutoka kaskazini, bwana wangu anayeyusha shaba. Unga hatukukosa, kampuni ilitugawia. Tulichokosa ni mtoto. Nilizaa, mtoto akafa kabla ya kuota jino. Nikazaa tena, naye akafa. Wa tatu hakulia kabisa, walimfunga kitambaa nikiwa bado kitandani.

Ndugu zangu, mtu aliyezika hivyo anakubali lolote. Mama mkwe wangu alitoka kijijini akaja kukaa nasi, akanipeleka kwa mganga mmoja huko Annexe, pembezoni mwa mji, ndani kabisa, kwenye mashamba ya mihogo. Mganga akasema watoto wangu wanauawa na chakula ninachokula. Akanipa miiko. Mayai nisile, maana yai halina mlango na tumbo langu litafungwa. Samaki kambale nisile, anateleza, mimba nayo itateleza. Uyoga unaota leo, kesho umeoza, mtoto atafuata njia ile ile. Na vinkubala, hawa viwavi wetu watamu wa majira ya mvua, nisiguse kabisa, kwa sababu vinatambaa na mtoto hatasimama.

Mnacheka. Chekeni tu, leo na mimi nacheka. Siku zile nilishika kila neno kama dawa, na kila tuliporudi kwake aliongeza jingine. Ikaenda nyama ya mbuzi, yakaenda maharage, mwisho ikaenda hata sombe, kisamvu chetu cha kila siku. Mimba ya nne ilipofika katikati, nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, na chumvi tu. Nilianguka kwenye bomba la maji, majirani wakanibeba. Kwenye dispensari muuguzi akanivuta kope chini, akasema damu yangu imekwisha, nile vizuri. Nikaitikia ndiyo, nikarudi nyumbani kula bukari na chumvi. Nilijiambia: huyu hajazika, atajua nini.

Lakini njaa haikuwa mbaya kuliko woga. Nilikuwa napita sokoni nimeziba pua kwa kitenge, naona kila beseni limekuja kuniulia mtoto. Nikitoka sokoni, najitazama mwenyewe, naona mimi ndiye sumu kubwa kuliko zote. Wajomba wa bwana wangu walikuwa wamekwisha kukutana. Walisema huyu naye akifa, nirudishwe kwa baba yangu, mwanamke mwingine atafutwe. Bwana wangu alikuwa ameketi pale pale. Hakusema kitu.

Alhamisi moja nilikwenda kwenye somo la Biblia hapa parokia. Nawaambia ukweli, nilikwenda kwa sababu kuna benchi la kuegemea ukuta. Tulikuwa na abbé, padri aliyesoma Kigiriki, na siku ile alisoma pale Paulo anapomwambia Timoteo kwamba kila kiumbe cha Mungu ni chema, wala hakuna cha kutupwa kikipokelewa kwa shukrani. Nilikuwa nasinzia. Usingizi ukaisha.

Mzee mmoja mbishi akainua mkono. "Monsieur l'abbé, kiumbe njo kintu chenye kupumua. Mbuzi, kuku, muntu. Sasa uyoga? Chumvi? Ile haiko kiumbe."

"Hapana, baba," abbé akasema. "Mu Kigiriki Paulo aliandika *ktisma*. Ile inakamata byote, chenye kupumua na chenye hakipumue. Jua, mayi, chumvi, uyoga yako. Na mbele ya kuingia mu Biblia, ile neno ilitokea kwa bantu benye kufungula mugini mupya mu pori. Muntu anafika, anasema, hapa nyumba, hapa kisima, hapa njia. Kila kintu chenye aliweka pale, kiko na mwenyewe na kiko na sababu. *Ktisma* njo ile. Mungu alifungula mugini, akaweka bintu byake."

Mzee akakubali, shingo upande. Wengine wakaanza kufunga vitabu. Mimi nikasimama. Sijui nani alinisimamisha, miguu yenyewe ilikuwa imevimba.

"Na miye?"

"Weye nini, mama?"

"Miye mwenye kuzika batoto. Niko ndani ya ile neno, ao niko inje?"

Alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu yake. "Uko ndani, mama."

"Na bale batoto?"

"Nabo. Mungu hakubaweka kwa makosa."

Nililia pale mbele ya watu, na sikuona haya. Miaka yote nilikuwa nimewaweka wanangu kwenye hesabu ya vitu vilivyoharibika. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba waliwekwa na Mungu mwenyewe, kwa sababu anayoijua, hata kama walikaa kidogo. Nilikuwa nimewakataa pamoja na mayai.

Njiani nikapita sokoni bila kuziba pua. Nikanunua vinkubala. Nikavikaanga kwa nyanya na kitunguu, harufu ikajaa nyumba nzima, mama mkwe akatoka nyuma mbio mbio, khanga mkononi.

"Unafanya nini?"

"Niko napika, mama."

Akaangalia sufuria, akaangalia tumbo langu. Hakuwa mwanamke mbaya, msimfikirie hivyo. "Ukikula, na mutoto akufe, utasema nini?"

Hapo, ndugu zangu, sikuwa na jibu la abbé. Abbé hakuniahidi kwamba mtoto ataishi, na neno la Kigiriki halikuahidi. Nilijibu kwa kinywa changu mwenyewe.

"Nitasema nilimulisha. Abakie ao akufe, mama, huyu nitasema nilimulisha."

Nikapakua, nikaketi chini, nikamega bukari. Mama mkwe alibaki amesimama. Halafu akaketi kando yangu, akanawa mikono katika maji yangu, akamega na yeye.

"Miye sikukulaka hii," akasema, "tangu nilizika wa kwanza wangu."

Sikuwa najua kwamba na yeye alizika mtoto. Tulikula mpaka sahani ikaisha.

Msitoke hapa mkasema nimehubiri kwamba vinkubala vinatibu. Nilirudi dispensari, nikamwomba muuguzi msamaha, nikameza vidonge vyake vyote. Namshukuru yeye kwanza. Namshukuru yule abbé, aliyeacha swali langu likae kabla ya kulijibu. Namshukuru bwana wangu, ambaye wajomba waliporudi alifungua kinywa mwishowe: "Bibi yangu haendi fasi yoyote." Hayo tu, lakini kwake ilikuwa hotuba. Na mama mkwe wangu, tuliyemzika kiangazi kilichopita, namshukuru kuliko wote, kwa sababu mimi niliacha woga wa miezi na yeye aliacha woga wa maisha yake yote.

Nawaachia hili, mlipokee mnavyoweza. Kuna mama humu ameambiwa kwamba yeye ni mkosi. Kuna mwenye mtoto anayefichwa nyuma ya pazia wageni wakija. Mungu mwenye mji aliwaweka hapa akijua anachokiweka, na sisi tuliofika baadaye hatuna ruhusa ya kutupa vitu vyake.

Binti yangu alizaliwa mvua zilipokuwa zinaisha. Yuko pale, dirishani, anavuta misuko ya mwenzake badala ya kunisikiliza. Na niwaambie kitu, vinkubala havipendi. Kila nikipika anavisukuma pembeni ya sahani. Ninamwacha. Anavikataa kwa sababu havipendi, haviogopi hata kidogo.