Mnyororo wa Nne wa Constant Kasongo

Wapendwa mliokaa nasi kwenye kilio tangu Jumatatu, marehemu Constant Kasongo alizaliwa Isangi tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa mwisho wa papa Édouard, mvuvi, na baba alipofariki alilelewa na dada yake Viviane, ambaye kwa samaki wa kukaushwa alimsomesha hadi chuo kikuu hapa Kisangani, akahitimu takwimu mwaka 2001, akafundisha, na tarehe 9 Agosti 2003 akamwoa mama Micheline, wakajaliwa Fiston na Gracia.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo hatutauruka mwaka 2019, alipoombwa akadirie samaki wanaobaki mtoni Isangi baada ya uvuvi, kazi ambayo kompyuta hujaribu namba nyingi kwa minyororo minne, kila mmoja ukianzia mahali pake, kama watu wanne wanaotafuta nyumba moja kwa njia tofauti, na jibu huaminika wote wanapokutana na kutulia. Mitatu ilikutana, wa nne ukabaki mbali, umeme ukakatika, mafuta ya jenereta yakaisha, na Constant, ambaye hakuwasamehe wanafunzi wake pupa ya namna hiyo, akasema wa nne umepotea, akaufuta, akachukua namba moja iliyopata uwezekano wa juu kuliko zote, akaiita ukweli, ingawa alijua fika kwamba jibu liko pale namba nyingi zinapokusanyika. Namba ile ilisema samaki wanakwisha. Nyavu zikapigwa marufuku msimu mzima, na Viviane akauza mtumbwi wake.

Mwaka uliofuata aliianzisha upya minyororo yote minne, akaiacha kompyuta iendelee, na ile mitatu ikahama taratibu, ikaufuata wa nne, kumbe samaki walikuwa tele. Hakujua auweke wapi uso wake, lakini alikwenda Isangi, akasimama mbele ya wavuvi, akasema, “Ile ya ine haikupotea, mi njo nilipotea,” nao hawakumtukana, wakarudi kushona nyavu zao, na hilo likamuumiza kuliko matusi, asirudi tena kule hata kwa Noeli.

Ini lilimsumbua tangu 2023, akafariki tarehe 2 Juni 2025, akiwa ameomba azikwe mjini kwa kuwa hakustahili udongo wa Isangi, na sisi jamaa zake wa hapa mjini, kwa aibu yetu wenyewe, tukakubali, tukachimba kaburi hapa. Jana Viviane alifika bandarini Makiso pamoja na wavuvi wale wale, kwa mtumbwi wa kuazima, kumchukua mdogo wake, wala hakumwomba mtu ruhusa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa chuo. Constant, dada amekuja kukuchukua, nenda nyumbani ukapumzike kwa amani.