Mita Mia Moja Tisini na Tano

Ndugu, jamaa na majirani, fundi tunayemsindikiza leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe. Mtoto wa mwisho alikuja miaka kumi na minne baadaye, naye ndiye anayewasomea maneno haya. Mama alidhoofika baada ya uzazi huo, kwa hiyo marehemu alimbeba mdogo wake mgongoni kutwa nzima, hadi wageni wakadhani ana kibiongo. Utani huo aliurudia mwenyewe mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hesabu aliipenda, ila alikuwa mbishi. Siku moja darasa liliulizwa: mtu anayekwenda kilomita nne kwa saa atatumia muda gani kufika kilomita kumi na mbili? Yeye aliandika, "Inategemea mlima." Mwalimu alimpa sifuri, kisha jioni akaja nyumbani kumsihi baba asimwachishe shule mtoto huyu. Uwezo haukuwepo. Mwaka uliofuata marehemu alikuwa amekaa kwenye cherehani.

Mwaka 1980 alifungua chumba chake kando ya uwanja wa michezo: cherehani moja, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Wakimbiaji walimletea kaptura zilizofumuka, naye akawa anawatazama dirishani wakifanya mazoezi. Aliona ugonjwa wao ni mmoja: wanaanza kama waliofukuzwa na nyuki, wanamaliza wakitambaa. Akafunga uzi mwekundu kwenye gurudumu la baiskeli, akahesabu mizunguko, akaipima barabara kutoka mlangoni kwake hadi kwenye tangi la maji. Ndipo alipoanza kuwapigia hesabu. Mtu alitaja muda anaoutaka, marehemu akaugawa kwa kilomita, halafu maswali yakaanza: mwezi huu umekimbia kumi kwa dakika ngapi, unalala vipi, kilima kiko wapi. Wengi walitoka na muda mrefu kuliko walioingia nao, wamenuna. Hesabu yenyewe aliiandika kwa wino kwenye utepe wa kitambaa, muda wa kila kilomita tano, akaushona wa kuvaliwa mkononi kama saa. "Haraka haraka haina baraka," aliwaambia, "lakini polepole nayo ina sekunde zake."

Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa wifi yetu, karani wa posta. Siku ya ndoa alifika dakika tisa kabla ya wakati, akasimama nje ya mlango akiitazama saa hadi zikaisha. Wifi husema tangu siku hiyo alijua ameolewa na watu wawili, mume na saa yake. Walijaliwa watoto watatu. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko, na sisi wadogo zake tulikwenda kula huko bila kualikwa.

Kuna jambo ambalo kila aliyepo hapa analijua, na sitalipita pembeni. Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1996, mdogo wake huyu alikimbia marathoni. Angemaliza ndani ya saa mbili na dakika hamsini, angeingia timu ya taifa ya wanawake. Marehemu aligawa muda huo kwa kilomita arobaini na mbili, akamwandikia dakika nne na sekunde mbili kwa kila kilomita, na akiba ikabaki sekunde thelathini na sita. Fundi ambaye hakuwahi kukata nguo bila kuacha nafasi ya mshono alisahau kwamba baada ya hizo arobaini na mbili kuna mita mia moja tisini na tano. Mdogo wake aliufuata utepe kilomita kwa kilomita, akachelewa kwa sekunde kumi na moja. Mbele ya watu wote alimwambia, "Nguvu nilikuwa nazo, kaka. Nimefuata utepe wako."

Marehemu alijibu tu kwamba kosa ni lake. Kuanzia siku hiyo mji ulimwita Mia Tisini na Tano. Watoto walimwimbia jina hilo mlangoni, wateja wakamwuliza kama suruali zao atazishona hadi mwisho. Hakumkasirikia mtu. Kila utepe alioushona baadaye aliuongezea kipande chekundu kwa ajili ya mita zile. Tarehe 18 Oktoba 1998 mdogo wake alivaa utepe wa namna hiyo, akamaliza kwa saa mbili, dakika arobaini na nane na sekunde arobaini, akaingia timu. Jina la fundi lilibaki palepale.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kumsumbua. Alipolazwa mwezi uliopita, muuguzi alimtaka atembee kwenye ukumbi wa wodi kila asubuhi. Marehemu aliupima kwa hatua, akaupangia muda: dakika tatu za kwenda, moja ya kupumzika dirishani, tatu za kurudi. Alimweleza muuguzi kwamba hashindani na mtu, ila hapendi kuanza kwa pupa.

Jumamosi, tarehe 3 Juni, mdogo wake alikaa kando ya kitanda. Hapa niruhusuni niseme mimi. Nilimwambia nililolificha miaka ishirini na sita: siku ile sikuwa na nguvu yoyote iliyobaki. Nilikuwa nimekwisha. Hata angeziandika zile mita, nisingefika kwa wakati. Niliona aibu, nikamtwisha yeye.

Alicheka hadi akakohoa. "Najua," alisema. "Nilisimama pale mwisho, nikakuona unaingia unaburuta mguu wa kushoto. Mwenye akiba haingii vile."

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali kuchekwa na mji mzima.

"Ungejua ni miguu, ungeacha kukimbia. Ukilaumu kitambaa, unashonewa kingine."

Nililia sana. Akanisogezea pindo la shuka nijifute.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wanne, na wakimbiaji ambao hesabu yao hatuijui.

Majirani, nina ombi moja. Lile jina msimzike nalo. Lilikuwa langu, yeye alinibebea tu kama alivyonibeba mgongoni. Kuanzia leo niiteni mimi Mia Tisini na Tano, nami nitaitika. Yeye mwacheni apumzike kwa amani.