Simu kwa Mkubwa Tuliyemchagua

Bulaimu alikuwa amekaa kwenye ubao mbele ya posta ya Kindu tangu asubuhi, na kahawa ya Mama Mwanvua, mchuuzi wa pale, aliinywa tu ili asisinzie. Jamani, kungoja kunachosha kuliko kupasua kuni! Binti yake Hawa yuko Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, mimba ya miezi minane na miguu imevimba. Hospitali iko upande huu, na kivuko kimekosa mazutu, mafuta ya injini, mwezi wa tatu sasa. Ndiyo maana alijiandikisha kupiga simu kwenye Baraza la raia, Kinshasa, amwombe komisera wao, mbunge waliyemchagua mwaka jana, atume mazutu. Ubaoni walikuwepo wawili wasiokosekana: Okito, aliyeitwa Salongo kwa sababu kila siku ya salongo, watu wakifyeka barabara kwa amri ya chama, yeye huumwa mgongo, na Matata, aliyeitwa Faransa, maana zamani alipiga taipu kwa Kifaransa ofisi ya reli na tangu hapo hajanyamaza.

— Papa Bulaimu, weka roho chini, akasema Salongo. Kwanza itapokea sekretere. Atakuambia mukubwa iko mu mukutano.

— Nitangojea.

— Utangojea, na dakika zako tatu zinaisha! Ile mukutano haiishaka.

— Na usianze na salamu ya kwetu, Faransa akaingilia. Unasifu kwanza Mukubwa wa inchi, halafu chama, halafu mapinduzi. Kwa Kifaransa.

— Kifaransa sina. Na mazutu nitaisema saa ngapi?

— Mazutu? Ile utaisema simu ikisha kukatika.

Mama Mwanvua alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akammiminia Bulaimu kikombe kingine.

— Tena kuko muntu wa tatu mu simu, Salongo akashusha sauti. Utamusikia anakohoa. Njo ule wa usalama, anaandikaka kila neno.

— Aandike basi, akasema Bulaimu. Aandike mazutu.

— Weye Salongo unadanganya muzee, akasema Faransa. Ile uzi ya simu hata Kinshasa haifikaka. Inaishia hapa Lokandu! Kuko muntu mumoja mu nyumba ya majani, anakula samaki yake, anajibu kila muntu: "Nimesikia, citoyen, tutaangalia."

— Na sauti je? akauliza Salongo. Wakubwa wako wengi.

— Anageuza sauti. Njo kazi yake ile.

Bulaimu hakucheka. Juzi alivuka kwa mtumbwi kumwona Hawa, maji yakaingia mpaka magotini. Mwanamke mwenye uchungu utamlaza wapi mle? Akaona hata watu hawa wawili anawachukia kidogo.

Mlango wa posta ukafunguka. Akatoka Kalume, karani mpya aliyehamishwa kutoka Kibombo, kalamu mkononi, jasho usoni.

— Papa Bulaimu! Kinshasa iko mu simu! Wanauliza wakuunganishe na komisera gani. Jina yake nani?

Bulaimu akasimama. Akamtazama Faransa. Faransa akamtazama Salongo, na Salongo akachungulia ndani ya kikombe.

Siku ile ya uchaguzi, kiwanjani, majina yalisomwa kwenye kipaza sauti, moja baada ya jingine, na kila jina lilipigiwa makofi kabla halijaisha. Asiyepiga alitazamwa. Bulaimu alipiga mpaka viganja vikamuwaka.

— Ni ule tulipigia makofi, akasema.

— Makofi mulipigia wote, papa. Jina!

— Mama Mwanvua, weye hukusikia hata moja?

— Miye nilikuwa ninapiga vigelegele, papa yangu.

— Fanyeni mbio, akasema Kalume. Dakika zinaenda.

Bulaimu akavaa kandambili zake.

— Waambie wakate, akasema. Nashuka ku mto kutafuta mupiga kasia. Hawa nitamuvusha leo, mbele uchungu haujaanza.