Nusu ya Kyungu

Bamama, muketi vizuri. Wenye batoto mugongoni mubapatie titi sasa, juu mi nikianza kuongea simalizi haraka, mume yangu anajua. Mumeniomba niseme hapa mu kanisa namna gani Mungu alinitosha inje ya shimo. Haiko shimo ya Mashamba, ile batata, babwana zetu, banachimba shaba, ni shimo ingine. Nitasema yote, lakini majina ya majirani sitataja, hata kama bengine bameketi hapa na bameshaanza kuinamisha kichwa.

Mi nilizaa mapasa, batoto babili ya tumbo moja, banamuke bote. Wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, sawa vile kwetu mapasa banaitwa siku zote. Siku ya kutoka materniti, kartiye yetu yote ya Musonoi ilicheza. Bamama baliimba zile nyimbo za mapasa zenye matusi, zile mbele ya padri siwezi kurudilia, muniache. Mume yangu, muchimbaji ya Mutoshi, muntu ya haya sana, balimupaka pemba, ile udongo nyeupe, ku uso mupaka akakimbilia nyuma ya nyumba. Toka ile siku hakuna muntu aliniita jina yangu tena. Ku soko, Mama Mapasa. Ku robine ya maji, Mama Mapasa. Muntu akikuita vile unasikia mugongo inanyooka yenyewe.

Na munajua sheria ya mapasa: kitu moja haiingie mu nyumba. Ukileta mukate moja, unaikata katikati. Ukimubusu mumoja, unamubusu na mwenzake, hata kama amelala. Mama yangu, kule kaskazini, alinifundisha kroshe, kufuma nyuzi na sindano, ningali mudogo, na mikono yangu haijui kukaa bure. Nilitengeneza kofia mbili nyekundu zenye ukingo mweupe, triko mbili za kuvaa wakati wa baridi, soksi mbili. Mu ile baridi ya mwezi wa sita, wakati upepo inaleta vumbi ya mashimo mupaka mu sufuria, mungeniona napita, mumoja mugongoni, mumoja kifuani, vichwa viwili vyekundu. Lo! Nilikuwa natembea sawa gavana.

Kisha mvua ikaja, na homa. Ilibakamata bote babili. Kabange akapona. Kyungu hakupona. Alikuwa ameanza tu kusimama akishika kiti.

Mungoje kidogo, bamama. Ni sawa. Tuendelee.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia kitu ile bengine hapa munaijua: kwetu mapasa hatubalilie. Mumoja akikufa, hausemi amekufa. Unasema ameenda kutafuta chumvi. Na mama halie, juu akilia, ule anayebaki atamufuata mwenzake. Ku matanga bashangazi yangu balinishika mikono huku na huku, banasema, "Meza, mwana. Meza." Nikameza. Nilimuangalia Kabange na kale kakofia kake, nikasema mu moyo: sitalia, hata nipasuke.

Na bantu bakaacha kuniita Mama Mapasa. Haikuwa kwa ubaya, balikuwa banaogopa kunikumbusha. Balisema Mama Kabange. Na mi nilikuwa natamani ile jina, bamama, weee, nilikuwa naitamani! Nilipita ku robine makusudi, na ndoo yangu ingali imejaa, nasimama pale, nangoja, labda mumoja atasahau aniite sawa zamani. Hakuna aliyesahau.

Pale njo mikono ikaanza. Nilimutengenezea Kabange triko mupya, juu ile ya kwanza ilimubana. Nilipomaliza, nikaona mikono imeshaanza ya pili. Sikuizuia. Kila alipokua nilimusimamisha ku mulango, nikamupima na uzi, mabega, tumbo, mikono. Kisha nikamupima tena. Yeye anainua mikono tena. Alijua mara ya kwanza ni yake, mara ya pili ni ya Kyungu.

Za Kyungu niliweka mu valizi, ile sanduku ya nguo, chini ya kitanda, na ile kofia yake nyekundu yulu ya zote. Mume yangu akienda Mutoshi, naifungua mbele ya Kabange, napanga zile triko kuanzia ndogo mupaka kubwa, nasema, "Angalia, Kyungu, umekuwa murefu." Mu ile valizi mutoto yangu alikuwa anakua. Munielewe. Nilikuwa najua vizuri kaburi yake iko wapi. Lakini mikono yangu ilikuwa inamutamani, na hakuna aliyeikataza.

Musifikiri nilikuwa wazimu. Nilikuwa napika, nafua, nacheka na bantu. Mukate nilikuwa ningali naikata katikati. Nusu namupa Kabange, nusu nabakisha ku sahani, nasema, "Hii ya Kyungu." Nikirudi, sahani iko tupu, na mi nasema moyoni, vizuri, Kabange amekula zote.

Lakini Kabange alianza kukonda. Shingo ikawa nyembamba, macho ikawa kubwa. Ku kliniki muganga, mama mumoja mupole, alimuweka ku kilo, akamutosha, akamuweka tena.

"Mama, huyu mutoto anakula?"

"Anakula."

"Umemuona kwa macho yako anameza?"

Nikakasirika. Muntu unamuletea mutoto, yeye anakuuliza kama unajua kulisha! Nilifunga Kabange mugongoni nikatoka bila kuaga. Lakini njia yote nilimusikia mugongoni mwepesi sawa kikapo tupu. Nikasema, njo hii. Anamufuata mwenzake. Nikafikiri labda nililia mu usingizi bila kujua. Nikamuuliza mume yangu, "Nikilala, nalia?"

"Haulie," akasema. "Ningependa ulie."

Asubuhi moja nilikuwa nafagia. Nikaona sisimizi, mustari mumoja murefu, kutoka ku mulango kuingia chini ya kitanda. Nikazifuata na fagio. Zilikuwa zinaingia mu valizi.

Nikafungua. Bamama, nawaambia vile niliona. Ile kofia nyekundu ilikuwa imefungwa sawa kifuko, na mu ndani nusu ya mikate, imekauka, nyingi. Madonge ya bukari, ugali yetu, ngumu sawa mawe. Mukia ya samaki. Na bonboni moja, imelambwa nusu, kisha imerudishwa mu karatasi yake na kukunjwa vizuri, vile batoto banakunja.

Kabange alikuwa amesimama ku mulango. Akasema, "Mama, Kyungu hakuli. Namupa yake, namupa na yangu kidogo, hakuli. Eko na hasira na mi?"

Pale njo nilipasuka. Nililia mupaka sauti ikatoka inje, mupaka ku barabara. Nililia mbele ya mutoto, muchana, mulango wazi. Majirani bakakimbilia kwetu. Bengine banasema, "Mumufunge mulomo! Mapasa! Mapasa!" Na mi nikajua nimemuua Kabange, na sikuweza kunyamaza.

Sasa kuna mama mumoja ya kartiye, anakaanga mikate ku kona, mulomo yake munaijua, hata bapolisi banaiogopa. Aliingia na kijiko ya mafuta mu mukono. Akaona ile kofia, akaona ile mikate kavu, akamuangalia Kabange. Akageukia bale bengine, akasema, "Mumuache! Huyu mutoto anakufa na njaa, haiko juu ya machozi ya mama yake." Kisha akaketi pale chini, mu sisimizi, akanikamata bega. "Lia, Mama Mapasa. Lia yote."

Mama Mapasa. Mulisikia? Aliniita vile.

Nilipoweza kuongea, nilimuvuta Kabange ku magoti, nikamuambia neno ile sikuwa nimesema hata siku moja. "Kyungu alikufa. Hana hasira na we. Hatarudi kula. Nusu yake ni yako."

Akafikiri. "Na bonboni?"

"Na bonboni."

Njo akalia na yeye. Tulilia sisi batatu, na yule mama ya mikate alikuwa anatushinda sauti.

Sitasema toka ile siku yote ilipona. Hapana. Zile triko tulizigawa, mi na Kabange, moja moja, ku batoto ba Musonoi wenye kipimo yake. Sasa bei yake naijua: napita njiani, naona triko ya bluu inakimbia mbele yangu, na moyo inaruka, nasema Kyungu! Mutoto anageuka, ni wa muntu mwingine. Nasimama kidogo. Kisha naendelea. Kofia nyekundu nimeibakisha. Hiyo hamutaipata, musiniombe.

Aksanti kwa ule muganga, nilirudi kumuomba musamaha. Aksanti kwa mume yangu, alingoja bila kunisukuma. Aksanti kwa mama ya mikate, usijifiche nyuma ya nguzo, tunakuona. Na nyinyi bamama ya kundi yetu ya kroshe, mulioketi na mi mukiniacha nifume huku machozi inaangukia nyuzi.

Kama kuna mwenye kumeza hapa, mama, mi sina hekima kubwa ya kukupa. Angalia tu sahani ya ule mutoto mwenye kubaki. Yeye anakuona. Na nyinyi bote, mukinikuta ku robine, musiogope. Muniite Mama Mapasa. Nilizaa babili, ninao babili, mumoja haonekani.

Leo asubuhi, mbele ya kuja hapa, nilinunua mukate moja. Kisu ilikuwa mu mukono, na mukono ilitaka kukata, nawaambia ukweli. Nikaiweka chini. Nikamupa Kabange nzima. Akala yote, akalamba vidole, akaniangalia.

"Mama," akasema, "ongeza."