Jukwaa Lisilovuma la Hob Lane

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu atamzuia kaka yangu Gareth asipande Jumamosi kwenye jukwaa lililomuua baba yetu?

Marehemu Clive Raybould alizaliwa hapa Uingereza, mjini Tipton, tarehe 9 Machi 1955, akasoma hapo hapo hadi 1971, akaingia kiwandani kuyeyusha chuma, na mwaka 1974 akaacha kazi na kuanzisha bendi ya Cinder Parish pamoja na wenzake watatu, wakapiga roki nzito, ya polepole, nyuzi za gitaa wamezilegeza hadi sauti ikashuka kama nyundo ya kiwanda inayosikika kutoka chini ya kitanda, wakatoa albamu tano, wakazunguka Ujerumani na Uholanzi, na mitindo ilipobadilika wakarudi kupiga kwenye klabu za wafanyakazi, bila kuongeza mwendo hata kidogo.

Alimwoa mama yetu, Maureen, tarehe 20 Juni 1981, wakajaliwa Gareth na mimi Lorna, mwenye digrii ya fizikia na asiye na ajira, ambaye nikifungua mdomo kuhusu umeme naambiwa nikatafute kazi kwanza.

Hakuugua. Wapiga gitaa wa hapa wote wanalisifu jukwaa la klabu ya Hob Lane kwa kuwa spika zake hazivumi, na hazivumi kwa sababu kamati iliukata waya wa kupeleka umeme ardhini, ule unaomkinga mtu hitilafu ikitokea, kwa maombi ya wanamuziki wenyewe, Baba akiwemo. Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2024 amplifaya yake ilipata hitilafu, umeme ukaja hadi kwenye nyuzi, naye, vidole vikiwa juu ya nyuzi hizo, akaigusa maikrofoni kwa midomo, umeme ukampitia mwilini. Tulidhani anacheza. Watu walipiga makofi.

Jana nilikwenda kuchukua gitaa lake, nikakuta waya bado umekatwa, na tangazo la onyesho la Jumamosi la kumkumbuka, Gareth akipiga gitaa, limebandikwa mlangoni. Mwenyekiti wa kamati, Tranter, akacheka: "Tulia, binti, miaka yote hii jukwaa langu halijamng'ata mtu."

"Limeng'ata juzi, mzee. Shada la maua umeleta mwenyewe."

Gareth naye akaninong'oneza, "Lorna, usiniaibishe. Baba angepiga."

Tangu Baba apigwe na umeme, Mama hathubutu hata kuwasha birika la chai.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye, majirani waliotuletea chakula, na wenzake wa Cinder Parish. Baba, umeshapiga vya kutosha, sasa pumzika kwa amani. Nanyi kamati ya Hob Lane, nawaona hapo safu ya pili: simameni sasa hivi, kabla jeneza halijatoka, mumwambie Mama kwamba jukwaa limefungwa mpaka fundi umeme aurudishe waya ule.