Kumi na Nane Iliyoliwa na Shakwe

Mwenyekiti Tulloch, ondoa huo mfuko wa unga wa oti mezani kabla sijauondoa mimi. Ndiyo, wewe, mwenye tai ya kijani. Mtu amekata nyasi za uwanja huu miaka sitini, amezoa theluji kwa koleo, amefukuza mbwa, ng'ombe na wajumbe wa kamati wasikanyage mbegu, na siku anayostaafu unamkabidhi kilo tatu za oti zenye utepe mwekundu, halafu unacheka? Na ninyi mliocheka naye, nimewaona mmoja mmoja. Wengine wenu niliwafunga nepi. Aibu iwapate mpaka kwenye soksi.

Sasa niwasalimie kama inavyotakiwa.

Mheshimiwa Meya wa Portlennan. Mchungaji Farquhar, ambaye leo nakuomba usiangalie saa, kama mimi ninavyojizuia kuiangalia Jumapili. Ndugu wajumbe wa kamati ya klabu yetu ya Thistle. Ndugu wageni wetu kutoka Kilmorag, mliovuka daraja mkijua kabisa mtataniwa na mkaja hivyo hivyo. Ndugu wanachama, wake kwa waume. Na wewe, Dod Imlach, uliyeketi kiti cha mbele na kofia magotini kama mtu aliyeitwa polisi: nawasalimu wote kwa ngazi zenu. Niliyemsahau ajisalimie.

Mimi ni Bella Gowans. Nauza pai kwenye kibanda kile nyuma ya goli la upande wa bahari tangu nina miaka kumi na tisa, na sasa nina themanini na moja. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa hiyo hotuba hii nimeiandika kama ninavyosema, na atakayeona kosa alitunze mwenyewe.

Wote mnajua kwa nini tuko hapa. Tunamuaga Dod, na baada ya chai wanachama wanapiga kura juu ya jina la uwanja. Majina ni mawili. La kwanza ni Dod Imlach. La pili ni marehemu Kapteni Hector Tulloch, ambaye kwa bahati tu, Mwenyekiti, alikuwa baba yako. Na Mwenyekiti wetu amesimama hapa hapa, dakika kumi hazijapita, akasema kwa sauti ya upole, ile anayotumia akitaka jambo baya lipite, kwamba tunampenda Dod, lakini, akasema, "hatuwezi kuupa uwanja jina la mtu aliyetukosesha Kombe."

Kumbe ndiyo hivyo? Basi tulizungumze hilo Kombe. Nilikuwepo. Wewe, Mwenyekiti Ronald, ulikuwa bado huna meno.

Kwanza niwakumbushe kwamba uwanja huu haujawahi kuona mechi ya kawaida. Mwaka wa sitini na moja upepo wa baharini ulivuma mpaka marehemu mume wangu Sandy, golikipa wetu, alipopiga mpira kutoka golini kwake, mpira ukapanda, ukasimama hewani kama unafikiri, ukarudi, ukapita juu ya kichwa chake ukatoka nje, na refa akawapa Kilmorag kona. Sandy akamwuliza refa, "Kwani wameugusa saa ngapi?" Refa akamjibu, "Nenda kaugombeze upepo." Tulicheka? Tulicheka wiki nzima. Na mwaka wa sabini na mbili, si winga wa Kilmorag alifunga ndoa saa saba mchana, akaingia uwanjani kipindi cha pili na ua bado kabandika kwenye jezi, akatufunga mabao mawili, huku bibi harusi amekaa kwenye kibanda changu na shela lake, anakula pai na kusema, "Akikosa la tatu naye asirudi nyumbani"? Tulimsamehe yule. Tulimpigia makofi. Sasa nauliza: kama watu wa mji huu wanaweza kumsamehe mtu wa Kilmorag, tena aliyetufunga, mbona Dod wetu wenyewe tumemshikia kinyongo miaka yote hii?

Haya. Tarehe mosi Januari, mwaka wa sitini na sita. Mechi ya Mwaka Mpya, Thistle na Kilmorag, kama kila mwaka, saa nane mchana. Nyinyi vijana mnadhani mechi ya Mwaka Mpya ni mechi. Sisi tulikuwa tumekesha nyumba kwa nyumba tukipeana mikono na chupa, na hakukuwa na mwanamume mmoja wa Portlennan aliyekuwa na macho mawili yanayotazama upande mmoja. Beki wetu wa kushoto alikuja na viatu vya mke wake. Kombe la Mwaka Mpya lilikuwa Kilmorag kwa miaka kumi na minne mfululizo, na kila mtu alikuwa amekunywa kwa ajili ya hilo pia.

Dod alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwaka wake wa pili kazini. Saa nne asubuhi akaja kibandani kwangu, uso mweupe kuliko chokaa, na chokaa yenyewe ndiyo iliyokuwa tatizo. Paa la stoo lilikuwa limevuja, mifuko yote miwili imelowa, imegeuka jiwe. Maduka yamefungwa siku mbili. Mistari ya uwanja haipo.

Mnachojua ninyi, na mlichofundishwa na baba zenu, ni kwamba Dod kwa ujinga wake akachukua gunia la unga wa oti, huu huu tunaopikia uji, akachora nao mistari yote, kuanzia kona mpaka kona. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na haikuwa mbaya! Kulikuwa na manyunyu, unga ukashika vizuri, mistari ikang'aa. Mheshimiwa Meya wa wakati ule alisema hajawahi kuona uwanja umechorwa vizuri namna ile.

Halafu akaja shakwe mmoja.

Akatua kwenye kona. Akaonja. Akainua kichwa akapiga kelele, na mimi mpaka leo naamini alisema, "Jamani, njooni, kifungua kinywa!" Maana dakika ya ishirini walikuwa mia. Ilipofika mapumziko hatukuwa na mstari wa pembeni upande wa kushoto. Winga wetu akakimbia na mpira, akakimbia, akakimbia, refa hapigi filimbi kwa sababu hajui uwanja unaishia wapi, mpaka akafika mlangoni kwangu anahema. Nikamwambia, "Mwanangu, huku ni pai. Goli liko kule."

Kipindi cha pili wakahamia katikati. Duara lote likaliwa. Watu wakawa wanacheza kwa kuruka ndege. Matokeo mbili kwa mbili, zimebaki dakika tano, na shakwe sasa wamejipanga mstari mzuri kabisa wakila kumi na nane yetu, wanamaliza upande mmoja wanahamia upande wa pili, kama vibarua wa kulipwa.

Hapo ndipo mshambuliaji wa Kilmorag akapita na mpira, na Kapteni Hector Tulloch, nahodha wetu, akampiga teke la goti ambalo lilisikika bandarini. Sisemi kwa ubaya, Ronald. Baba yako alikuwa mtu mzuri kuanzia kiunoni kwenda juu.

Refa akapiga filimbi. Alikuwa fundi saa, mtu mfupi, Bwana Pringle, hatoki kwetu wala kwao. Akatazama chini. Mstari hakuna. Kuna nyasi na shakwe watatu walionenepa. Je, kosa limetokea ndani ya kumi na nane au nje? Kama ni ndani, penalti. Kama ni nje, tunapanga ukuta na tunapumua. Watu elfu mbili wananyosha shingo. Bwana Pringle akageuka akamwita mtu mmoja tu aliyejua.

"Kijana wa uwanja! Njoo hapa. Boksi lako lilikuwa limefika wapi?"

Dod akaingia na gambuti zake. Nami nilikuwa nyuma ya goli, karibu kama nilivyo karibu na Mchungaji hapa, na nilisikia kila neno. Kapteni Hector akamsogelea akamnong'oneza, "Dod, ndugu yangu, lilikuwa nyuma yangu. Si unaona? Nyuma yangu kabisa."

Sandy akapiga kelele toka golini, "Sogeza boksi, Dod! Hatua mbili tu!"

Na jukwaa zima, wazee, akina mama, mzee wa kanisa mmoja ambaye simtaji kwa sababu mjukuu wake yuko mstari wa tatu, wakaanza kuimba, "Nje! Nje! Nje!"

Angesema nje, nani angembishia? Ushahidi ulikuwa matumboni mwa ndege. Neno moja tu, na Dod Imlach angebebwa mabegani kutoka uwanjani mpaka baa, na asingelipia kinywaji maisha yake yote. Nawauliza ninyi mliokaa hapa na tai zenu: ninyi mngesemaje? Usinijibu, Mwenyekiti, jibu lako ninalo.

Dod akavua kofia. Akatazama nguzo ya goli, akatazama kona, akapiga hatua zake, akasimama. Akasema, "Mstari ulikuwa hapa, Refa. Hector alikuwa ndani. Kwa yadi moja."

Hector akamwambia, "Wewe ni mtu wa wapi wewe?"

Dod akamjibu, "Wa hapa. Ndiyo maana naujua mstari ulipo."

Penalti. Sandy akaruka kulia, mpira ukaenda kushoto. Tatu kwa mbili. Kombe likavuka daraja mwaka wa kumi na tano.

Na tangu siku ile, kila Mwaka Mpya, Dod akifungua mlango anakuta bakuli la uji baridi kizingitini. Watoto walimwita Uji. Mtu akakataa kumwuzia baiskeli. Msichana mmoja wa kiwanda cha samaki, aliyekuwa ameanza kupendana naye, akakatazwa na baba yake asimwone tena. Mlidhani ni mzaha. Mzaha wa mwaka mmoja ni mzaha. Wa miaka hamsini na tisa ni adhabu. Naye kila asubuhi akaja hapa akachora mistari, akaenda zake.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijawahi kulisema, na nalisema mara moja.

Dod, usinitikisie kichwa. Umenitikisia vya kutosha. Kaa.

Oti halikuwa wazo la Dod. Lilikuwa langu.

Alipokuja kibandani asubuhi ile alitaka kwenda kwa refa akaahirishe mechi. Mimi ndiye niliyemwambia, "Uahirishe Mwaka Mpya? Una wazimu? Nina gunia zima la oti lililoingiwa na wadudu. Unga wake ni mweupe. Chukua." Akaniuliza, "Na ndege je, Bella?" Aliuliza! Mtu wa miaka ishirini na mitano aliwaza juu ya ndege! Nami, nilivyokuwa mjuaji, nikamjibu, "Ndege nao wamelewa leo."

Mbona nilinyamaza? Nilikuwa nimechumbiwa na golikipa, na nilijua Sandy angeweza kumsamehe mtu yeyote isipokuwa mtu wa nyumbani kwake. Na kibanda kilikuwa cha klabu. Na nilikuwa na kiburi, bado ninacho, wala simwombi mtu radhi kwa hicho. Sandy amekufa miaka tisa iliyopita akiamini ni Dod. Hilo nitakwenda kulieleza mwenyewe nikifika huko, na najua nitapigiwa kelele.

Lakini Dod alijua siku zote. Angeweza kunitaja kila alipookota bakuli mlangoni. Nilimwuliza mara moja, tukiwa tumeshazeeka, "Dod, kwa nini hukuwahi kusema?" Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kipuuzi. Akasema, "Bella, wewe ulitoa unga tu. Kuchora nilichora mimi."

Basi. Mnamwona mtu wa namna hiyo? Siku moja alipewa mji mzima mkononi, auseme uongo mmoja mdogo apendwe, akakataa. Halafu akapewa ukweli ambao ungemsafisha, na huo nao akauweka mfukoni kwa sababu ungenichafua mimi. Ninyi watu wa Kilmorag mmepata Kombe kwa kinywa chake, na mpaka leo hamjawahi kumwambia ahsante. Msidhani mko salama na mimi. Kapteni Hector alikuwa mchezaji hodari, nami nililia kwenye mazishi yake, lakini teke lilikuwa lake. Kama mnataka kuupa uwanja jina la mtu aliyetukosesha Kombe, Mwenyekiti, basi ama ni baba yako ama ni mimi, na mimi sijaomba.

Nakushukuru, Mheshimiwa Meya. Nakushukuru, Mchungaji, hukuangalia saa hata mara moja. Nawashukuru wageni, na wanachama wote, kwa masikio yenu mliyonipa. Lakini masikio hayatoshi. Pai ziko kibandani, ufunguo uko shingoni mwangu, na chai hainywewi. Kura inapigwa sasa hivi, mbele ya uso wake, si baada ya chai, wala si kwa vikaratasi. Mwenyekiti, simama usome jina la Dod Imlach kwa sauti, lote, usilimeze. Na ninyi wengine, wekeni vikombe chini. Mikono juu.